Kumbukumbu za Utafiti Chuoni: Ni za Nani, Nani Azitunze, na Uanzie Wapi

Kila mwaka mpya wa masomo ukianza, wanafunzi wa uzamili huja na maswali yaleyale. Data niliyokusanya Kongowea, hapa Mombasa, ni yangu au ni ya msimamizi wangu? Nikimaliza, naruhusiwa kuondoka na madaftari? Fomu za ridhaa nikae nazo mpaka lini? Msaidizi wangu ana rekodi zote kwenye simu yake, hiyo ni sawa? Nimeyakusanya hapa yote na kuyapanga kwa hatua, uweze kuzifuata hata kama hujawahi kufungua sera ya utafiti ya chuo chako.

Mwongozo huu ni wako ukiwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, ukiwa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au ukiwa kwenye tawi la huku Pwani la chuo cha Nairobi. Sera za vyuo hutofautiana, na penye tofauti ifuate ya chuo chako. Sheria za nchi ni zilezile kwa wote.

Jibu fupi ni hili. Madaftari na faili asilia za utafiti kwa kawaida hubaki chini ya chuo, na mtafiti mkuu huzitunza kwa niaba ya chuo. Wewe uliyetoka juani kuzikusanya unastahili nakala na unastahili kutajwa. Na yule mvuvi au mama aliyekaa nawe saa nzima akikueleza mambo yake bado ana haki juu ya habari zake. Haya yote yakubaliwe kwa maandishi kabla ya dodoso la kwanza kujazwa. Ugomvi mwingi ninaouona huanza kwa watu waliopatana kwa maneno matupu, kisha kila mmoja akakumbuka mapatano yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tafuta sera ya utafiti na sera ya haki za ubunifu za chuo chako. Zisipokuwa kwenye tovuti, ziulizie ofisi ya mkurugenzi wa utafiti au shule ya uzamili. Kuwa pia na barua ya kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), mkataba wa ruzuku kama kuna mfadhili, daftari gumu lenye kurasa zilizoshonwa, hardi diski ya nje, na barua pepe ya chuo. Hiyo ya mwisho wengi huipuuza na kutumia ya binafsi. Usiipuuze, sababu utaiona hatua ya 6.

Hatua

1. Orodhesha kila kitu kinachohesabika kuwa kumbukumbu.

Chukua karatasi moja uandike. Wengi wakisikia kumbukumbu za utafiti hufikiria jedwali la Excel peke yake. Hesabu pia madaftari ya uwandani, madodoso yaliyojazwa, rekodi za sauti, picha, ramani ulizochora kwa mkono, matokeo ya maabara, sampuli na lebo zake, fomu za ridhaa, programu uliyoandika kuchambua data, barua za vibali, na barua pepe ambamo wewe na msimamizi mliamua kubadilisha jambo. Mtu akija miaka mitano baadaye kuuliza ulifikaje kwenye matokeo yako, chochote kitakachohitajika kumjibu ni kumbukumbu.

2. Jua umesimama wapi: nani analipa, na kwa karatasi gani.

Hapa ndipo jibu la "ni ya nani" linapopatikana, na haliwi moja kwa watu wote.

Ukiwa mwanafunzi unayejilipia, tasnifu yako kama maandishi ni yako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa haki mtunzi kwanza, na mwanafunzi si mwajiriwa. Lakini soma vizuri fomu ulizotia sahihi wakati wa kujiandikisha, kwa kuwa vyuo vingi huweka humo kifungu kinachokipa chuo ruhusa ya kuhifadhi na kusambaza tasnifu.

Ukiwa mhadhiri au mtafiti unayelipwa mshahara, sheria hiyohiyo inasema kazi uliyoifanya katika ajira huwa ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Uvumbuzi unaoweza kupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, una sheria yake, Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001, nayo pia humtazama mwajiri kwanza. Ukidhani umegundua kitu cha aina hiyo, nenda ofisi ya haki za ubunifu ya chuo kabla ya kukitangaza kwenye kongamano. Ukikitangaza kwanza unaweza kuipoteza hataza.

Ukiwa mwanafunzi ndani ya mradi wa ruzuku, mambo hubadilika. Ruzuku nyingi hupewa taasisi, hazipewi mtu. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ni mfano: fedha zake na wajibu wake huwekwa juu ya chuo, ingawa kila mtu hapa ataiita "ruzuku ya Profesa fulani". Kwa hiyo data ya mradi inakaa kwa chuo, nawe unatumia sehemu yako kwa tasnifu. Omba kuuona mkataba wa ruzuku, angalau kurasa zinazozungumzia data. Si utovu wa adabu kuomba. Mwendee msimamizi wako kwa heshima, mwambie, "Profesa, naomba nione masharti ya mfadhili kuhusu data ili nisije nikayavunja bila kujua." Msimamizi mwema atakushukuru.

Kazi ya ushauri kwa kampuni au shirika ina mkataba wake kabisa, na mara nyingi aliyeagiza ndiye mwenye data. Usiingize data ya ushauri kwenye tasnifu bila ruhusa iliyoandikwa.

3. Tenganisha umiliki, utunzaji na matumizi.

Maneno haya matatu watu huyachanganya, na mkanganyiko huo ndio mama wa ugomvi. Mwenye mali anaweza kuwa chuo. Mtunzaji ni yule anayebeba ufunguo wa kabati, anayejua nywila, na anayeulizwa kitu kikipotea. Mtumiaji ni anayeruhusiwa kusoma, kuchambua na kuchapisha.

Kwa watu wa Mombasa nalieleza kwa wakfu. Anayesimamia nyumba ya wakfu hupokea kodi, hutengeneza paa, huamua mpangaji aingie lini, lakini nyumba si yake wala haiingii katika mirathi yake. Mtafiti mkuu yuko hivyo kwa kumbukumbu za mradi. Ana mamlaka makubwa juu yake, na mamlaka hayo yana kazi ndani yake. Hawezi kuziuza, kuzichoma, wala kuhama nazo usiku kwenda chuo kingine.

4. Andika makubaliano ya ukurasa mmoja.

Hii ndiyo hatua ninayokusihi usiiruke. Haihitaji wakili. Andika kwa lugha ambayo wewe, msimamizi na wasaidizi wote mnaielewa, kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala. Unaweza kuanzia na maneno haya na kuyabadilisha:

"Madaftari na faili asilia za mradi huu zitakaa katika ofisi ya idara. Mtafiti mkuu ndiye mtunzaji kwa niaba ya chuo. Mwanafunzi atakaa na nakala kamili isiyo na majina ya wahojiwa, na anaweza kuitumia kwa tasnifu, makala na utafiti wake wa baadaye. Makala yoyote itakayotumia data hii itawataja walioikusanya, na mpangilio wa majina ya waandishi utajadiliwa kabla ya kuanza kuandika. Wasaidizi watakabidhi madaftari na rekodi zote kila Ijumaa. Mmoja wetu akihama, makabidhiano yatafanyika ndani ya siku 30 mbele ya mwakilishi wa idara."

Kama sera ya chuo inapingana na sentensi yoyote hapo, ibadilishe sentensi. Onyo: usingoje mpaka data iwe tamu. Makubaliano kabla ya uwandani huchukua nusu saa ya mazungumzo. Makala ikishakubaliwa na jarida, mazungumzo hayohayo huvunja urafiki wa miaka.

5. Linda haki za waliokupa habari.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. Inampa kila mtu haki ya kuambiwa habari zake zitatumiwaje, kuziona, kupinga matumizi yake, na kutaka makosa yasahihishwe. Habari za afya, kabila, imani na familia zina ulinzi zaidi. Mtoto anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi.

Kwa vitendo: fomu ya ridhaa iwe kwa lugha ya anayeulizwa. Kiswahili kinatosha Majengo na Mji wa Kale, lakini mzee wa Kinango anaweza kukuelewa vizuri zaidi kwa Kiduruma, na bibi wa Msambweni kwa Kidigo. Fomu iseme data itakaa wapi, kwa muda gani, nani ataiona, na kama watafiti wengine wataruhusiwa kuitumia baadaye. Sentensi hii ya mwisho ikikosekana, data yako nzuri itafungwa kabatini, maana hutakuwa na ruhusa ya kumpa mwingine.

Kila mhojiwa mpe nambari. Orodha inayounganisha nambari na majina ikae mahali pake peke yake, mbali na majibu. Onyo kubwa: nimeona jedwali lenye majina, nambari za simu na hali ya ugonjwa, vyote kwenye mstari mmoja, likitumwa na mwanafunzi katika kundi la WhatsApp la darasa ili wenzake wamsaidie kuchambua. Hilo usilifanye hata kwa dakika moja. Watu wale walikuamini.

Utafiti wa dawa za asili, nyimbo, au mambo ya makaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda) una mzigo wa ziada. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016 inatambua haki ya jamii nzima, kwa hiyo ridhaa ya mganga mmoja haitoshi; zungumza na wazee wa kaya pia. Ukichukua mimea au viumbe kwa ajili ya vinasaba vyake, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ina kibali chake, na leseni ya NACOSTI peke yake haikupi ruhusa ya kusafirisha sampuli nje ya nchi.

Nina sababu ya kulikazia hili. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa wa karne ya 19, tunazo leo kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliziandika na kuzifafanua, na mmishonari Mwingereza W. E. Taylor akazikusanya. Karatasi za Taylor ziko London, kwenye maktaba ya chuo cha SOAS. Zimetunzwa vizuri, na tunashukuru. Hata hivyo, kijana wa Kuze anayetaka kuuona mwandiko wenyewe anavuka bahari. Unapopanga kumbukumbu zako, jiulize nakala gani itabaki hapa, kwa watu waliokupa.

6. Amua akaunti na mahali pa kuhifadhi kabla ya kukusanya.

Ukitumia KoboToolbox au ODK, programu za kukusanyia data kwa simu, mradi ufunguliwe kwa akaunti iliyosajiliwa na barua pepe ya chuo, na watu wawili wawe na ruhusa kamili. Mradi ukiwa kwenye akaunti binafsi ya msaidizi, yeye ndiye mwenye ufunguo, hata makubaliano yakisema vingine. Akigombana nanyi au akisahau nywila, mtabaki mlangoni. Pia kumbuka kuwa seva nyingi za huduma hizi ziko nje ya Kenya, na kuhamisha data za watu nje ya nchi kuna masharti kwenye sheria ya 2019. Liandike kwenye fomu ya ridhaa na uieleze kamati ya maadili.

7. Andika daftari lisomeke na mtu mwingine.

Weka nambari kwenye kila ukurasa kabla ya kuanza. Andika tarehe, mahali na jina la aliyeandika. Tumia kalamu ya wino usiofutika kwa maji. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, andika lililo sahihi pembeni, utie herufi za mwanzo za jina lako. Usichane ukurasa, usipake wino mweupe. Daftari lililochanwa kurasa linaleta shaka hata kama hujafanya baya lolote. Na lisichanganywe na mambo ya nyumbani: ukurasa wa bajeti ya arusi katikati ya vipimo vya mikoko ya Tudor Creek utakusumbua siku ya kukabidhi.

Majina ya faili yaanze na tarehe kwa mtindo wa 2025-03-14, yafuatwe na mahali na nambari. Weka pia faili moja fupi la maelezo linalosema kila safu ya jedwali ina maana gani. Inatosha.

8. Weka nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa mbali.

Hewa ya Pwani ina chumvi na unyevu, nayo haihurumii vifaa. Laptopu hushika kutu ndani, karatasi huota ukungu, umeme hukatika katikati ya kuhifadhi. Flashi ni ya kubebea tu, usiifanye ghala. Mpango rahisi: nakala moja kwenye kompyuta ya kazi, moja kwenye hardi diski iliyofungiwa idarani, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo. Fomu za karatasi zipige picha au zipitishe kwenye skana siku hiyohiyo.

Nakala ya mbali si anasa. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa nyika ulishuka mlimani Cape Town ukaingia chuoni na kuteketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vya mkusanyo wa masomo ya Afrika. Chuo kile kilikuwa na uwezo na wataalamu kutuzidi.

Hardi diski ifungwe kwa nywila. Windows za kitaalamu (Pro) zina programu ya kufungia diski iitwayo BitLocker, na nyingine, VeraCrypt, ni ya bure. Nywila ijulikane na mtafiti mkuu pia. Na picha usizihifadhi kwa kujitumia WhatsApp, kwa kuwa huzipunguza ubora na kuzifutia taarifa za mahali na saa zilipopigwa.

9. Panga muda wa kutunza.

Angalia sera ya chuo, masharti ya mfadhili, barua ya kamati ya maadili na jarida utakalochapisha. Fuata muda ulio mrefu kuliko yote. NIH, kwa mfano, hudai miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha, na vyuo vingi huenda mbali zaidi. Muda ukiisha, usichome mwenyewe. Kumbukumbu za taasisi za umma zina sheria, Sura ya 19 ya Sheria za Kenya, na kuziharibu kunahitaji idhini. Mwone mtunza kumbukumbu wa chuo.

10. Kabidhi kabla ya kuondoka.

Chukua orodha ya hatua ya 1, pitieni kipengele kwa kipengele na mtunzaji, kila kilichokabidhiwa kitiwe alama, mtie sahihi wote wawili. Asilia hubaki, nakala huenda nawe. Hamisha umiliki wa akaunti za mtandaoni kabla barua pepe yako ya chuo haijafungwa. Pakia ripoti ya mwisho kwa NACOSTI kama leseni inavyodai. Data isiyo na majina ya watu, ikiwa ridhaa inaruhusu, unaweza kuiweka kwenye hazina ya chuo au Zenodo, hazina ya data ya mtandaoni, ambako itapewa kitambulisho cha kudumu na jina lako litabaki juu yake.

Mambo yakienda mrama

Msimamizi anataka nimpe kila kitu na nifute nakala yangu. Mwombe, kwa upole na kwa barua pepe, akuonyeshe kifungu cha sera au mkataba kinachosema hivyo. Wakati mwingine kipo, hasa kwenye data ya wagonjwa. Kama hakipo, onyesha makubaliano yenu. Mkishindwa, mwenyekiti wa idara, kisha mkuu wa shule ya uzamili. Usifute, na usifiche, mpaka jibu litoke.

Msimamizi amehama au amefariki. Utunzaji unarudi kwa idara, na idara iteue mtunzaji mpya kwa barua. Nenda kwa mwenyekiti mapema, kabla ofisi haijasafishwa. Kwa marehemu, familia huja kuchukua vitu vyake wakiwa na msiba, nao hawawezi kujua lipi ni daftari la mradi. Wasaidieni kutenganisha, kwa utaratibu na kwa heshima.

Msaidizi amekataa kurudisha madaftari mpaka alipwe. Kwanza mlipeni anachodai kama ni haki yake. Kijana aliyepanda matatu kila siku kwenda Mtongwe na Shika Adabu kwa pesa zake hapaswi kungoja miezi kwa kuwa ofisi ya fedha ina foleni. Kisha mweleze kuwa madaftari yana siri za watu, na kuyashikilia kunawaweka wao hatarini. Mradi ujao, panga malipo na makabidhiano siku moja.

Mhojiwa amerudi kusema anataka kujitoa. Tafuta nambari yake kwenye orodha, toa habari zake kwenye data ambayo haijachapishwa, andika tarehe uliyofanya hivyo. Ikiwa matokeo yamekwisha kuchapishwa bila majina, mweleze kweli kwamba haiwezekani kumtoa humo, na ndiyo maana fomu ya ridhaa itaje siku ya mwisho ya kujitoa.

Laptopu imeibwa kwenye matatu. Toa ripoti polisi, upate nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na uiarifu idara siku hiyohiyo. Kama ndani mlikuwa na habari za watu na kuna hatari ya kweli kwao, chuo kinatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kijue. Kwa hiyo usikae na habari kwa aibu mpaka Jumatatu; wenzako hawawezi kuchukua hatua juu ya wasilolijua. Badilisha nywila zote kutoka kifaa kingine.

Madaftari yamelowa mvua. Usiyaanike juani na usiyafungue kwa nguvu kurasa zikiwa zimegandana. Yaliyolowa kidogo yasimamishe wima chumba chenye upepo wa feni, na karatasi kavu za kunyonya maji katikati ya kurasa, zibadilishwe kila saa chache. Yaliyolowa chepechepe na huwezi kuyashughulikia leo, yafunge kila moja kwenye mfuko wa plastiki uyaweke kwenye friza. Ukungu huanza ndani ya siku mbili, na baridi kali huuzuia mpaka upate nafasi ya kuyakausha moja moja. Yakishakauka, piga picha kila ukurasa kabla ya kuyarudisha kabatini.